Kupima Afya ya Mto Bega kwa Bega na Wanasayansi: Mwongozo kwa Vijiji vya Nyanda za Juu Kusini

Maji yanayopita Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, safari yake ni ndefu. Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, maji yanakusanyika Mtera, yanateremka hadi Kidatu, yanaingia Rufiji, na mwisho yanamwagika baharini kwenye delta inayotazamana na kisiwa cha Mafia. Mafia kuna matumbawe, na matumbawe hayawezani na tope: likizidi huyafunika na kuyanyima mwanga. Kwa hiyo mtu wa Mufindi anayelima ukingoni mwa kijito na mvuvi wa Mafia wanaunganishwa na maji yaleyale, ingawa huenda wasionane maishani.

Watu wa pwani wametutangulia katika kazi hii. Mkoani Tanga, mradi wa kuhifadhi ukanda wa pwani ulioanza mwaka 1994 uliwafundisha wanavijiji kupima miamba pamoja na watafiti. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu: unatandaza utepe wa kupimia juu ya mwamba, unaandika kila kilicho chini yake, kama ni tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani au mchanga, kisha unahesabu samaki, na baadaye unarudi palepale na utepe uleule. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakapauka. Penye kumbukumbu za miaka ya nyuma, watu waliweza kusema kimepotea kiasi gani. Pasipo kumbukumbu, walibaki kukisia.

Huku juu hatuna matumbawe, lakini tuna mito, na mto nao una viumbe wanaosema hali yake. Mwongozo huu ni kwa kijiji, shule ya sekondari au jumuiya ya watumia maji inayotaka kupima mto wake kwa njia ambayo mwanasayansi ataiamini na mwanakijiji ataielewa.

Anzeni na swali, na uamuzi

Kabla ya kununua hata beseni, kaeni mkubaliane mnataka kujua nini. "Tunataka kujua kama mto wetu ni mzima" ni swali pana mno. Ulizeni hivi: je, maji yanayotoka kwenye majaruba yanarudi mtoni yakiwa na hali gani? Je, kijito kilichopandwa mikaratusi kinatoa maji kidogo kuliko kile chenye msitu wa asili? Je, josho la ng'ombe linaathiri viumbe wa pale chini?

Kisha jibuni swali la pili ambalo vikundi vingi hulikwepa: majibu yakiwa mabaya, nani atafanya nini? Liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla ya kipimo cha kwanza. Kwa mfano: maji yakishuka chini ya kiwango fulani mwezi Septemba, wenye mabanio (vizuizi vya kugeuzia maji mashambani) watapeana zamu usiku na mchana. Mkisubiri takwimu zije ndipo mkae, kila mmoja atavutia upande wake. Nimeona mabishano ya namna hii, na hayana mwisho mzuri.

Bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ni mfano ambao kila mtu wa Mbeya na Iringa anaujua. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima. Mkulima wa mpunga alimtazama mfugaji, mfugaji akamtazama mwenye banio, wa mjini akawatazama wote kila umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu ulipokatika. Vipimo vya maji vya sehemu nyingi, vilivyochukuliwa na wakazi wenyewe mwaka hadi mwaka, havimalizi ugomvi wa aina hiyo, lakini vinauhamisha kutoka kwenye lawama hadi kwenye kiasi.

Nani wawemo

Nendeni kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha jambo lipelekwe mkutano mkuu. Kikundi kisianze kuonekana mtoni na nyavu wakati watu hawana habari. Baada ya hapo andikieni barua bodi ya maji ya bonde lenu. Bonde la Rufiji makao yake yako Iringa, bonde la Ziwa Rukwa Mbeya mjini, na bonde la Ziwa Nyasa Tukuyu. Bodi ndizo zenye mamlaka juu ya rasilimali za maji, na ndizo zitakazopokea vipimo vyenu. Mwanasayansi mtampata bodini au kwenye vyuo: Mbeya kuna MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Iringa kuna Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa. Sokoine na Dar es Salaam nao hutuma wanafunzi wa utafiti huku mara kwa mara. Mtafiti kutoka nje ya nchi lazima awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwombeni awaonyeshe, ni haki yenu.

Wapimaji wenyewe wachaguliwe kwa kazi zao. Wawemo kina mama wanaochota maji na kulima vinyungu (bustani za bondeni kando ya mto), maana wao ndio wanaokuwa mtoni kila siku ya kiangazi. Awemo mzee anayekumbuka mto ulivyokuwa. Wawemo vijana wawili wenye macho makali na simu nzuri, na mwalimu wa baiolojia kama yupo.

Ujuzi wa wenyeji msiudharau, na mtafiti asiudharau. Mlima Rungwe, Wanyakyusa walikuwa wakimtaja nyani wa msituni aitwaye kipunji, na wageni walidhani ni hadithi tu. Watafiti walioamua kuzifuatilia habari hizo walimwona mwaka 2003, na mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa ni aina ya nyani ambayo sayansi haikuwa imeiandika. Jina la kitaalamu likabeba neno la wenyeji: *kipunji*.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: mpimaji asiwe askari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, na mwenye kinyungu analijua hilo. Akiona watu na daftari, hofu inamwingia.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Mmekuja kupima shamba langu?"

"Hapana mama, tunahesabu wadudu wa majini. Shamba hatuliandiki. Karibu uone."

Na kweli msiliandike. Msipige picha za mashamba ya watu wala sura zao. Siku kikundi kikigeuka kuwa macho ya serikali, watu watahamisha mitego, watafuta nyayo, na takwimu zenu zitakuwa za uongo.

Kuchagua vituo

Vituo vitatu vinatosha kuanzia. Kimoja kiwe juu, karibu na chanzo au msituni, ambako mto haujaguswa sana. Hicho ndicho mtakachokitumia kulinganisha. Cha pili kiwe chini kidogo ya sehemu mnayoitilia shaka. Cha tatu kiwe mbali zaidi, kuona kama mto unajiponya.

Mkumbuke kuwa mto wa mawe unaoporomoka milimani, kama Kiwira kule Rungwe, wadudu wake si sawa na wa mto wa mchanga unaotambaa Mbarali, hata kama yote ni safi. Linganisheni mawe kwa mawe, mchanga kwa mchanga. Kila kituo kiwekewe alama isiyoondoka, mwamba au mti mkubwa, na chukueni nukta za GPS kwa simu. Chagueni mahali mnapoweza kufika hata barabara ikiwa tope.

Vifaa

Wavu ndio kifaa kikuu. Fundi wa kuchomelea atakukunjia nondo nyembamba iwe fremu ya mraba, upana kama sentimita 30, kisha mnaifunga kwenye mpini wa mti. Kitambaa chake kiwe cha matundu yanayokaribia milimita moja. Chandarua kinafaa, lakini kisiwe chenye dawa, hata kama ni chakavu. Dawa ya chandarua imetengenezwa kuua wadudu, na wadudu ndio mnaowatafuta wakiwa hai. Sampuli nzima inaweza kuharibika na msijue kwa nini. Vyandarua vinavyogawiwa bure vyote vina dawa, hivyo nunueni kitambaa kisicho na dawa dukani.

Vingine ni rahisi: mabeseni meupe mawili (rangi nyeupe ndiyo inayomwonyesha mdudu), vijiko vya plastiki, kioo cha kukuzia, utepe wa mita 30, fimbo iliyowekwa alama za sentimita, kipimajoto, saa ya simu, machungwa matatu, daftari la jalada gumu na penseli. Penseli, kwa sababu wino huyeyuka karatasi ikilowa. Buti za mpira na glavu si anasa. Kwenye maji yanayokwenda polepole kuna kichocho, na konokono ndiye anayekibeba. Huku Usangu na mabondeni kuna viboko na mamba pia. Kama wenyeji wa hapo hawaingii, nanyi msiingie. Maji yakivuka magoti, acheni. Asiende mtu peke yake.

Siku ya kupima

Pimeni angalau mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza iwe mvua zikishaisha na mto umetulia, kati ya Mei na Juni. Mara ya pili iwe Septemba au Oktoba, maji yakiwa machache kabisa. Mafuriko yakipita, subirini wiki mbili au zaidi, kwa kuwa mafuriko huwazoa wadudu na mtadhani mto umekufa. Saa iwe ileile kila mara, kwa sababu joto la maji hubadilika mno kati ya asubuhi na alasiri, hasa kwenye baridi ya Makete au Njombe.

Mkifika, andikeni kwanza: tarehe, saa, hali ya hewa, rangi ya maji, harufu, nani yupo. Pimeni joto kabla hamjatia mguu. Kisha mmoja ashike wavu, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka, fremu ikigusa chini. Mwenzake asimame mbele ya wavu na kuchokoa mawe kwa mguu, akiyageuza na kuyasugua kwa mkono ili walioshikilia waachie, maji yawapeleke wavuni. Anzieni chini mkipanda juu, msije mkavuruga mahali ambapo bado hamjapima. Dakika tano kwa jumla zinatosha: baadhi kwenye mawe, baadhi kwenye majani ya ukingoni, baadhi kwenye mchanga na kokoto. Msipende mawe mkaacha majani, maana kila mahali pana wakazi wake.

Geuzeni wavu ndani ya beseni lenye maji safi kidogo ya mto, kisha mtulie. Mwanzoni utaona takataka tupu. Baada ya dakika moja au mbili takataka zinaanza kutembea: kijiti kinatoa kichwa na miguu, na kumbe ni mdudu aliyejijengea nyumba ya vijiti, jiwe dogo linafungua macho. Watoto wa shule huwa hawataki kuondoka hapo.

Kuwatambua na kuwapa alama

Kuna njia iliyobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya watu wasio wataalamu, inayoitwa miniSASS. Inagawa wadudu na viumbe wadogo wa mtoni katika makundi 13, na kila kundi lina alama kulingana na linavyovumilia uchafu. Asiyevumilia ana alama kubwa.

Mwenye alama kubwa kuliko wote, 17, ni mdudu mwenye mikia miwili na matamvua madogo kwenye mashina ya miguu, anayekimbia juu ya mawe. Huyu anataka maji baridi, yanayokwenda kasi, yenye hewa nyingi. Ukimpata, kijito chako kiko vizuri. Kuna jamaa zake wenye mikia mitatu, mara chache miwili, na mapezi ya kupumulia ubavuni mwa tumbo: wale wanaoogelea kama vidagaa wana alama 5, wengine wote 11. Wajenzi wa nyumba za vijiti na mchanga, pamoja na ndugu zao wasiojenga, ni 9. Kaa na uduvi ni 6. Watoto wa kereng'ende wanene ni 6, wale wembamba wenye mikia mitatu kama majani ni 4. Mbawakawa na kunguni wa majini ni 5, konokono 4, minyoo bapa 3. Waliobaki wana 2 kila mmoja: minyoo ya kawaida, ruba, na funza wa nzi na mbu. Kati ya hao funza wapo wekundu kama damu. Wekundu huo unawasaidia kushika hewa pale ambapo hewa majini ni kidogo. Wakijaa peke yao kwenye beseni, jueni kuna tatizo.

Hamhesabu mdudu mmojammoja, bali makundi. Tuseme kituo cha juu mmepata makundi sita: wenye mikia mitatu (11), wajenzi (9), kaa (6), kereng'ende wanene (6), konokono (4) na funza (2). Jumla ni 38. Gawanya kwa 6, unapata 6.3. Kituo cha chini mmepata mbawakawa (5), konokono (4), minyoo (2), ruba (2) na funza (2): jumla 15, gawanya kwa 5, ni 3. Tofauti ya 6.3 na 3 ndiyo habari ya kupeleka mkutanoni. Kadi ya miniSASS ina jedwali la kusoma hali ya mto, moja kwa mito ya mawe na jingine kwa mito ya mchanga.

Kadi ile ilipangwa kwa mito ya Afrika Kusini, kwa hiyo itumieni zaidi kulinganisha vituo vyenu wenyewe na mwaka kwa mwaka, kuliko kutangaza kuwa mto huu ni wa daraja fulani. Tanzania ina mfumo wake wa kitaalamu, TARISS, unaohitaji mtu aliyesomea kutambua familia za wadudu. Hapo ndipo mwanasayansi anapoingia. Wekeni baadhi ya sampuli kwenye spiriti ndani ya vichupa, mkiandika kituo na tarehe kwa penseli kwenye karatasi inayotumbukizwa humohumo, yeye azihakiki. Akikuta mmekosea kundi fulani mara kwa mara, arudi awafundishe hilo tu. Wadudu wengine wote warudisheni mtoni wakiwa hai.

Wingi wa maji kwa kutumia chungwa

Chungwa linafaa kwa sababu huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Tafuteni sehemu iliyonyooka, pimeni urefu wa mita 10 ukingoni. Mmoja aangushe chungwa juu kidogo ya mstari wa kwanza, mwingine ahesabu sekunde hadi mstari wa pili. Rudieni katikati na pande zote mbili, mtafute wastani. Kisha pimeni upana, na kina kila baada ya nusu mita.

Mfano: upana ni mita 6, wastani wa kina mita 0.4, hivyo eneo ni mita za mraba 2.4. Chungwa limetumia sekunde 20 kwa mita 10, yaani mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, ndiyo maana tunazidisha kwa 0.85: inakuwa 0.425. Zidisheni 2.4 kwa 0.425, mnapata mita za ujazo 1.02, yaani kama lita 1,020 kila sekunde. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kikifanywa kila wiki ya kiangazi, mahali palepale, kitawaonyesha siku ambayo mto ulianza kupungua ghafla, na hapo mtauliza ni banio lipi lilifunguliwa.

Mkiweza, wekeni na kipima mvua shuleni, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Bila mvua hamwezi kujua kama mto umepungua kwa sababu ya mbingu au ya mikono ya watu.

Daftari ni la nani

Daftari la asili libaki kijijini. Mtafiti apige picha kila ukurasa aondoke nazo. Kikundi kiandikiane naye makubaliano mafupi: takwimu ni za nani, nani ataruhusiwa kuzitumia, jina la kijiji litatajwaje kwenye andiko, majibu yatarudishwa lini na kwa lugha gani. Vijiji vya huku vimehojiwa sana, vimejaza madodoso mengi, na mara nyingi aliyeuliza hakurudi tena. Hilo linaudhi, na lina haki ya kuudhi. Mtafiti anayekataa kuweka tarehe ya kurudi, mwacheni aende zake.

Malipo nayo yasemwe wazi. Anayetumia siku nzima mtoni ameacha shamba lake, na kwenye mradi wenye fedha ya dereva na posho ya mtafiti hakuna sababu ya mpimaji kufanya kazi kwa soda. Pale ambapo hakuna mradi, kikundi kipunguze idadi ya siku kuliko kuwachosha watu.

Usiandike sifuri mahali ambapo hukupima. Andika "hatukupima" na sababu. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, usifute. Mwanasayansi atakuamini zaidi kwa daftari lenye makosa yanayoonekana.

Majibu yarudi mkutano mkuu wa kijiji, yakiwa yamechorwa kwenye bango kubwa: vituo vitatu, mistari mitatu, miaka chini. Asomaye awe mpimaji wa kijiji, na mtafiti akae pembeni akijibu maswali. Nakala ibandikwe ofisi ya kijiji, nyingine ipelekwe bodi ya bonde, na mtendaji agonge muhuri kwamba imepokelewa.

Siku samaki wakielea

Ipo siku ambayo ratiba haina maana: samaki wameelea, maji yana povu au harufu ya dawa. Tangazeni kwanza, kwa msikiti, kanisa na kipaza sauti cha mnada kama kipo, kwamba maji yasinywewe, mifugo isinyweshwe na samaki hao wasiliwe. Msiingie majini. Pigeni picha zenye saa na mahali. Mkiwa na glavu, jazeni chupa safi mbili hadi juu kabisa, moja juu ya mahali samaki wanapoanzia kuonekana na nyingine chini yake, mzifunge, mziandike, mziweke kwenye baridi na kivuli, zifike kwa wataalamu siku hiyohiyo ikiwezekana. Tembeeni ukingoni kuelekea juu hadi mpate samaki wanaoogelea. Kati ya hapo na wafu wa kwanza ndipo tatizo lilipoingilia. Pigieni bodi ya bonde na afisa mazingira wa wilaya, andikeni jina la aliyepokea simu na saa, kisha pelekeni taarifa hiyohiyo kwa maandishi kupitia mtendaji kabla jua halijatua.